SHAIRI HALICHAMBULIWI KWA KIDOLE PEKE YAKE

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena ya kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mimi leo sikuleta kisa wala kitendawili. Nimeleta hoja moja iliyonikaa rohoni, nayo inahusu jinsi sisi wanafunzi tunavyochambua umbo la shairi. Naona kwamba tunahesabu vizuri, lakini hatusikilizi, na tukishahesabu hatuulizi kwa nini.

Si mnajua vile mambo huwa? Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ikitua mezani, mikono mingi inakimbilia riwaya na tamthilia. Shairi linarukwa kana kwamba lina miiba. Wachache wanaolijibu huweka kidole juu ya mshororo wa kwanza na kuanza kuhesabu mmoja mmoja. Kisha wanaandika: shairi lina beti tano, kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili na mizani 16, kwa hivyo bahari ni tarbia. Kalamu chini! Alama zinapatikana, hilo sikatai. Lakini hebu muulize huyo mwenzetu, je, kwa nini malenga alichagua mishororo minne? Kwa nini kibwagizo kinarudi? Kwa nini vina vya kati vinabadilika na vya mwisho vinabaki? Atakutazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini.

Hapo ndipo penye tatizo, wapenzi wasomaji. Mtu akihesabu matofali ya nyumba hajasema kitu kuhusu nani anaishi ndani.

Kabla sijaendelea, naomba tukumbushane msamiati, maana huenda jarida hili likasomwa na ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza. Mizani ni silabi zinazohesabiwa katika mshororo. Vina ni silabi zinazofanana sauti, ziwe katikati au mwishoni mwa mishororo. Kipande cha kwanza huitwa ukwapi na cha pili utao. Mshororo wa kwanza ni mwanzo, wa pili ni mloto, na ule wa mwisho unaorudiwa kila ubeti ni kibwagizo. Ubeti wa mishororo mitatu ni tathlitha, wa minne ni tarbia, wa mitano ni takhmisa. Shairi ambalo vina vyake vyote havibadiliki toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho ni mtiririko. Likibadilisha vina vya upande mmoja na kuacha vya upande wa pili, ni ukara. Likibadilisha vyote ni ukaraguni. Haya ndiyo majina. Mtu anaweza kuyakariri kwa usiku mmoja. Kazi inaanza baada ya majina.

Ili nisionekane nabwabwaja tu, nimetunga beti mbili kuhusu jambo ambalo kila mtu wa Zombe analijua, yaani maji. Nisomeeni, tena kwa sauti:

Kunakucha twajipanga, na mitungi twasimama,
Mto wetu ni mchanga, maji yamezidi zama,
Mikono yetu yagonga, mwambani bila kukoma,
Ewe wingu la kutanga, lini utatutazama?

Punda wetu wajivuta, njia nzima wanahema,
Kengele imeshapita, darasani wanasoma,
Nasi jasho twalifuta, langoni tumeachama,
Ewe wingu la kutanga, lini utatutazama?

Sasa tuhesabu. Mto wetu ni mchanga: m-to-we-tu-ni-m-cha-nga. Nane. Maji yamezidi zama: ma-ji-ya-me-zi-di-za-ma. Nane. Jumla ni 16, na ukiendelea utakuta hivyo hadi mwisho. Mishororo ni minne, basi ni tarbia. Vipande ni viwili, basi ni mathnawi. Vina vya kati ni -nga katika ubeti wa kwanza, vikawa -ta katika mishororo mitatu ya ubeti wa pili. Vina vya mwisho ni -ma kote. Basi ni ukara. Mwanafunzi wa kidole amemaliza kazi yake hapo na kufunga daftari.

Mimi nasema hapo ndipo tumefika mlangoni. Tuingie ndani. Vina vya kati vimebadilika kwa sababu mahali pamebadilika. Ubeti wa kwanza uko mtoni, na wa pili uko njiani na langoni mwa shule. Vina vya mwisho havikubadilika kwa sababu kiu haikubadilika. Umeacha mto nyuma lakini shida umeibeba pamoja na mtungi. Sikiliza tena jinsi -nga inavyogonga katika ubeti wa kwanza: twajipanga, mchanga, yagonga. Kwa sikio langu ni kama jembe linalokutana na jiwe. Halafu kuna hicho kibwagizo. Ni swali, nalo linarudi vilevile bila neno hata moja kubadilika, kwa sababu wingu halijajibu. Ningelibadilisha mshororo huo katika ubeti wa pili, usingekuwa kibwagizo tena bali kimalizio, na msomaji angedhani kuna jibu limepatikana. Kumbe hakuna. Kwa hivyo ukiandika kwamba shairi lina kibwagizo, umesema kweli nusu. Nusu ya pili ni kueleza kibwagizo hicho kinafanya kazi gani.

Kuna jambo jingine. Tazama maneno "yamezidi zama". Sarufi ya darasani ingetaka tuseme "yamezidi kuzama". Lakini hebu weka ku- hiyo uone: ma-ji-ya-me-zi-di-ku-za-ma. Tisa! Sikio linajikwaa kama punda aliyekanyaga shimo. Ndiyo sababu mshairi anaruhusiwa kufupisha, na ufupishaji huo unaitwa inkisari. Akirefusha neno ili mizani itimie, hiyo ni mazida. Akibadilisha herufi ili kina kipatikane bila kuongeza wala kupunguza mizani, ni tabdila. Hizi zote ni idhini za mshairi. Sisi tunazikariri kama orodha ya makosa ambayo washairi wamesamehewa. Mimi naziona kama alama za vidole vya fundi. Kila penye inkisari, ujue sauti na sarufi zilishindana mahali hapo na sauti ikashinda.

Najua kuna wenzangu watakaosema, "Haya ni mambo ya watu wa Mombasa na Lamu, sisi Wakamba tutayawezaje?" Jamani, tuache hiyo hadithi. Ni kweli kwamba ushairi wenye arudhi ulikomaa pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, alitunga mashairi juu ya siasa, mapenzi na maisha ya mji wake. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka wa 1858, na kina cha mwisho kinarudi kilekile ubeti baada ya ubeti kama uzi unaoshona mawaidha yote pamoja. Lakini ushairi haukubaki ufuoni. Amri Abedi, aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka wa 1954, alikuwa mtu wa Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala aliyeitangaza ngonjera alitoka Dodoma, katikati ya Tanzania. Wallah bin Wallah aliita diwani yake Malenga wa Ziwa Kuu. Kithaka wa Mberia anatoka Tharaka, ambako ni majirani zetu hapa Kitui. Sasa nani amesema Zombe ni mbali?

Tena sisi tuna faida ambayo hatuitumii. Wengi hushindwa kujua kama m ya mwanzo wa neno ni mizani au si mizani. Mkamba ana njia rahisi. Sisi husema mũndũ na mũtĩ. Waswahili wamedondosha ile irabu wakasema mtu na mti, lakini nafasi yake imebaki pale pale. Ndiyo maana m-tu ni mizani mbili na m-ti ni mbili. Mbuzi je? Sisi husema mbũi, hakuna irabu iliyodondoka baada ya m, kwa hivyo ni mbu-zi, mizani mbili, wala si tatu. Na irabu mbili zikifuatana kila moja inahesabiwa: m-ze-e ni tatu, ko-ndo-o ni tatu. Lugha ya mama tunayokatazwa kuizungumza darasani ndiyo inayotukopesha mizani! Nisieleweke vibaya, mlezi wetu, sisemi tuzungumze Kikamba katika kipindi cha Kiswahili. Nasema tusikione kama adui.

Na si maneno tu. Nani hapa hajaona ndengu zikipurwa? Watu wawili wakipiga rundo moja kwa fimbo, mmoja akiinua mwenzake anashusha. Mmoja akichelewa kidogo, fimbo zinagongana. Hivyo ndivyo ukwapi na utao vinavyofanya kazi. Kipande cha kwanza kinainua, cha pili kinashusha, na kina ndicho mlio wa fimbo inapotua. Na katika ngoma yetu ya kilumi, ngui anatangulia na wengine wanaitikia. Kiitikio kinarudi na kurudi, na hakuna anayeuliza mbona kinarudiwa, kwa sababu mwili unajua. Kibwagizo cha shairi ni ndugu wa kiitikio hicho. Mtoto aliyekulia penye mambo haya hawezi kusema ushairi ni mgeni kwake. Tatizo ni kwamba akifika darasani anaacha masikio yake nje na kuingia na kidole peke yake.

Wengine watanipinga kutoka upande wa pili. Watasema, "Wewe unahangaika na vina na mizani, na siku hizi mashairi ni huru." Ubishi huu ni wa zamani, ndugu zangu. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka wa 1974, pakazuka mabishano makubwa. Wanamapokeo walisema lisilo na vina na mizani si shairi hata kidogo. Wanamageuzi wakasema vina na mizani ni minyororo inayomfunga mshairi. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1973, Abdilatif Abdalla alikuwa ametoa Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyaandika akiwa gerezani kati ya 1969 na 1972, mengine juu ya karatasi za chooni. Alikuwa amefungwa kwa sababu ya waraka wa kuikosoa serikali, na huko ndani hakuacha arudhi. Mtu aliyefungwa minyororo ya kweli alishika vina na mizani kwa hiari yake. Nafikiri jambo hilo linatosha kutufanya tusikimbilie kusema arudhi ni kifungo. Kwa upande mwingine, Kezilahabi naye hakuacha vina kwa uvivu, kama wanavyodhani wengine wanaokata insha vipande vipande na kuiita shairi.

Kwa maoni yangu, shairi huru halikosi umbo. Lina umbo ambalo kidole hakiwezi kulihesabu, na hapo ndipo wanafunzi wa kidole wanapoaibika kabisa. Nimetunga hili pia, tena juu ya maji yale yale:

Mto
ni mchanga tu.
Mtungi
umekaa
umekaa
umekaa
mtupu.

Mwenzetu ataandika kwamba shairi halina vina, halina urari wa mizani, ni la kimapokeo kidogo na huru kidogo, basi amekwama. Lakini tukilisoma kwa sauti tunasikia nini? Neno "umekaa" limerudiwa mara tatu, kila moja katika mstari wake. Hiyo ni takriri, na inamfanya msomaji angoje kama mtungi unavyongoja. Mistari mingi ni mishata, haijitoshelezi kimaana, inakulazimisha uteremke kutafuta mwisho wa sentensi jinsi tunavyoteremka ndani ya shimo la mchanga kutafuta maji. Na mwishoni unapata neno gani? Mtupu. Ningaliliandika hilo kwa mstari mmoja, "mto ni mchanga tu na mtungi umekaa mtupu", maana ingebaki lakini kungoja kungepotea. Basi umbo lipo, na linafanya kazi.

Je, lipi bora kati ya tarbia yangu na hilo fupi? Mimi sitaki ubishi wa namna hiyo. Tarbia inafaa kuimbwa na watu wengi pamoja, na ni rahisi kuishika kichwani, kwa sababu kina kimoja kinakuita kingine. Shairi huru linafaa kusomwa na mtu mmoja polepole, macho yakiwa kwenye ukurasa. Anayechambua vizuri ataeleza tofauti hiyo, badala ya kutangaza kwamba moja ni shairi na jingine si shairi.

Sasa nije kwenye pingamizi ambalo nalihofia zaidi, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliniambia, "Karatasi ya Tatu ni saa mbili na nusu. Nitaimba saa ngapi? Msimamizi si atanitoa nje?" Kweli, hakuna atakayeruhusiwa kuimba katika chumba cha mtihani. Lakini mwanariadha hafanyi mazoezi siku ya mashindano. Tukisoma mashairi kwa sauti tangu kidato cha kwanza, sikio litazoea, na siku ile tutayasikia kimyakimya. Mtu anayesikia hahitaji kuhesabu kila mshororo, maana mshororo wenye mizani 15 au 17 utamkwaruza mara moja. Kwa hivyo hata muda atauokoa. Na akiulizwa aeleze umbo la shairi, hatakuwa na orodha peke yake, bali atakuwa na la kusema.

Tena si mtihani tu. Sisi ni shule ya kutwa. Asubuhi wengi wetu tumeshachota maji na kutembea njia ndefu kabla ya kengele. Jioni taa ni ya kubahatisha na vitabu vya ushairi ni vya kugombania, kitabu kimoja watu wanne au watano. Aliye na uchache wa vitabu anahitaji zaidi kitu kinachokaa kichwani. Shairi ulilolisoma kwa sauti mara tatu utatembea nalo hadi nyumbani bila kitabu. Ulilolihesabu kwa kidole utaliacha dawatini.

Basi kwa heshima na taadhima naleta mapendekezo matatu mbele ya Chama. Kwanza, kila kipindi cha ushairi kianze kwa shairi kusomwa kwa sauti mara mbili kabla ya mtu yeyote kugusa kalamu, mara moja na mtu mmoja na mara ya pili na darasa zima, nusu wakisoma ukwapi na nusu utao. Pili, kila mwanachama atunge walau ubeti mmoja wa tarbia kila muhula, hata ukiwa mbaya. Ukishatafuta kina cha -ma nusu saa nzima hutasema tena kwamba malenga wanajipangia maneno tu. Tatu, tukichambua umbo, kila jibu liwe na sehemu mbili: ni nini, na kinafanya nini. Atakayesema "mizani 16" aongeze sentensi moja. Atakayesema "ukaraguni" aongeze sentensi moja. Asiyeweza kuongeza arudi alisome tena kwa sauti.

Sidhani mapendekezo haya yana gharama. Hayahitaji maktaba mpya wala tarakilishi. Yanahitaji midomo na masikio, navyo tunavyo sote.

Wanaosema shairi ni gumu, nawaomba walijaribu kwa njia hii muhula mmoja tu, kisha waje kunipinga katika toleo lijalo. Nafasi ipo, na mhariri hakatai makala. Mimi nitayasoma maoni yenu, tena kwa sauti.